Unamwandika mama aliyefariki? Usianze na watoto wake

Wasifu mwingi wa marehemu, ukishafuta jina, unamfaa mwanamke mwingine yeyote. Alizaliwa mwaka fulani, akaolewa, akajaliwa watoto, alikuwa mke mwaminifu na mama mlezi, mcheshi, mpenda watu, ameacha mume, watoto na wajukuu. Hakuna uongo hapo, ila msikilizaji haoni mtu. Mama alipofariki, kazi ya kumwandika iliniangukia mimi: kwanza ukurasa wa kusoma siku ya mazishi, baadaye kijitabu cha familia. Haya ndiyo ninayowaambia rafiki zangu wanapofikwa na kazi hiyo.

Usianze na watoto wake, yaani usianze na wewe mwenyewe. Sisi watoto tunamfahamu mama kuanzia siku tuliyopata akili, tena tunamfahamu akiwa kazini, akitulea. Yule msichana wa kabla ya hapo hatujawahi kukutana naye. Mtafute mdogo wake, aliyesoma naye, aliyefanya naye kazi, hata jirani waliyenuniana miaka kisha wakapatana. Mwanamke mmoja aliyekaa naye dawati moja alinieleza kwamba mama alikuwa akiwaandikia wasichana wenzake barua za mapenzi, ujira wake penseli. Mama huyuhuyu aliyekuwa akituchania barua zetu! Nilicheka mpaka nikalia, na ukurasa wangu wa mazishi ukapata aya yake ya kwanza.

Halafu, uliza vitu vidogo. Ukimuuliza mtu "Mama alikuwa mtu wa namna gani?" atakujibu "Alikuwa mtu mwema sana," na maongezi yataishia hapo. Uliza nini kilikuwa kinamkera. Uliza alikuwa anaficha wapi fedha, alikuwa anaimba nini akiwa peke yake, ni nani hakuwa akipatana naye na kisa kilikuwa nini. Swali dogo humfanya mtu amwone tena mbele yake kabla hajajibu, nawe utaliona hilo usoni mwake.

Kaka yangu, dada yangu, kwa mume wake aliyebaki nenda polepole zaidi. Baba hakuwa na maneno kabisa. Ukimgusia mama anasema "Ndiyo hivyo," anainuka. Kilichomfungua ni rundo la picha. Nilizimwaga mezani nikamwomba anisaidie kuzipanga kwa miaka, basi, wala sikuuliza kitu. Akawa anazipitia kimyakimya, mara akagonga moja kwa ukucha. "Hapa tulikuwa tumetoka kugombana." Mama ametazama pembeni, kakumbatia mkoba wake kama anayeogopa kuporwa, na baba kando yake anatabasamu peke yake. Nilikuwa nimeiona picha hiyo tangu utotoni nikidhani ni jua tu lililokuwa likimchoma macho. Ugomvi wenyewe ulihusu nini, hilo amekataa kusema, na nimemwachia. Ukimrekodi mzee kwa simu, omba ruhusa kwanza, kisha igeuze kioo chini ili asiitazame. Akinyamaza, nyamaza naye. Mengi mazuri huja baada ya kimya.

Wajukuu nao wasiachwe nje eti ni watoto. Wao walikuwa na bibi ambaye sisi hatukumpata, aliyekwisha kupunguza ukali. Mpwa wangu ndiye aliyetuambia kwamba bibi alikuwa akivua miwani kila alipotaka kumdanganya mtu. Tukatazamana. Ni kweli! Watu wazima wote wa nyumba ile walidanganywa miaka na miaka, na mtoto peke yake ndiye aliyeona.

Ila kabla hujawauliza wadogo kabisa, hakikisha wameambiwa ukweli kwa maneno ya wazi: bibi amefariki, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi. Ukisema amelala, mtoto anaweza kuanza kuogopa kitanda. Ukisema amesafiri, atamngoja. Na usishangae mtoto wa miaka mitatu au minne akiuliza tena kesho yake bibi anakuja lini. Katika umri huo bado hawajaweza kushika kwamba kifo hakina kurudi. Jibu vilevile, kwa upole uleule.

Sasa niseme lililo moyoni. Sipendi kabisa sentensi ile ya "Hakuwahi kulalamika." Mama alilalamika, na alikuwa na haki. Aliacha kazi aliyoipenda ili atulee, na alipokuwa akisimulia habari za kazi ile sauti yake ilibadilika. Tukimsifu mwanamke kwa kujitoa bila kutaja alichokitoa, sifa hiyo ni ya bure. Andika aliacha nini, nani alinufaika, na kama aliwahi kujuta. Mwandike akiwa na hasira zake na upendeleo wake (sote tulijua mtoto anayempenda zaidi, na si mimi). Si lazima yote yasomwe mbele za watu siku ya mazishi, lakini kijitabu kina nafasi, na mjukuu atakayekisoma akiwa na watoto wake atashukuru kukutana na binadamu mwenzake badala ya malaika.

Kuhusu siku yenyewe, maneno 500 au 600 yanatosha. Ukiyasoma taratibu, na utayasoma taratibu kwa sababu koo litakukaba, ni dakika tano hivi. Yachape kwa herufi kubwa, na mpe mtu mwingine nakala akae karibu nawe, tayari kupokea pale utakaposhindwa.

Kuna jambo moja lisilongoja: simu yake. Sauti ya mama imo humo, kwenye zile jumbe ndefu za kukukumbusha uvae vizuri. Akaunti ya WhatsApp ikikaa siku 120 bila kutumika kwa kawaida hufutwa, na laini isiyowekwa salio kampuni huifunga, namba ikaja kupewa mtu mwingine. Akaunti ya Google iliyokaa miaka miwili bila kuguswa nayo inaweza kufutwa, picha zote zikiwemo. Kwa hiyo usikimbilie kuifuta simu ili umgawie mjukuu. Hamisha sauti na picha kwanza, na hakikisha zinafunguka huko ulikozihamishia.

Picha za karatasi zichanganue kwa skana, kwa nukta 600 kwa inchi (dpi 600) zikiwa ndogo, maana utataka kuzikuza. Nyuma yake andika majina kwa penseli laini bila kukandamiza, kwani wino hupenya ukatokea upande wa pili. Zile albamu zenye kurasa za gundi, kama unaweza kuzitoa picha salama, zitoe; gundi huzila. Zisipotoka, usivute. Zipige picha hapohapo zilipo.

Mwisho, jiandae kwa ubishi. Habari ya jinsi mama na baba walivyokutana tunayo kwa namna mbili: baba anasema ni yeye aliyemfuata, mama mdogo anaapa kwamba mama ndiye aliyemtuma amwite yule kijana. Ndugu walitaka nichague moja. Nimeziandika zote mbili, kila moja na jina la msimulizi wake. Baba amekipokea kijitabu, amekisoma, na pembeni ya habari ya mama mdogo ameandika kwa kalamu nyekundu: "Si kweli."