Fika kabla zege halijamwagwa: maneno kwa mkaguzi mpya wa majengo

Mwezi wangu wa tatu kazini nilikwenda kukagua nondo za nguzo za ghorofa ya kwanza. Nilifika saa tisa alasiri nikakuta zege limeshamwagwa, mbao bado zinachuruzika maji. Msimamizi akanionyesha picha kwenye simu yake: nondo zimenyooka, ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo, zimepangika. Nikatia saini. Usiku usingizi ulinipaa, maana picha zile zilikuwa za nguzo mbili na mimi nilikuwa nimesaini nguzo kumi na sita.

Asubuhi nilimweleza mkuu wangu. Hakunifokea. Tulirudi wote, tukasimamisha kazi, tukaleta kifaa cha kutafuta nondo ndani ya zege. Nguzo tatu zilikutwa ringi zake zimeachana sana kuliko ramani ilivyoagiza, tena juu na chini ya nguzo, pale hasa zinapotakiwa kukaribiana. Nguzo hizo zikavunjwa. Nilipofungua faili nikaona jambo ambalo mpaka leo linaniuma zaidi ya saini yangu: mkandarasi alikuwa ameomba ukaguzi siku tatu kabla, na ofisini kwetu hakuna aliyemjibu.

Ndiyo maana nawaambia wanaoanza kazi hii kwamba nguvu ya mkaguzi ni ya muda mfupi. Ipo tangu nondo zinapofungwa mpaka gari la zege linapoingia. Ikishapita hapo unabaki kukisia, kukwangua na kubishana. Mtaro wa msingi huonekana siku chache tu, mabomba huonekana mpaka sakafu inapofunikwa, nyaya mpaka plasta inapopigwa. Ratiba ya ukaguzi imefuata mambo yanayofichwa na hatua inayofuata, kwa hiyo ukichelewa siku moja huwezi kuilipa kesho. Ombi likifika, jibu siku ileile, hata kama jibu ni kwamba utafika keshokutwa saa mbili. Mkandarasi mwenye mafundi ishirini wanaolipwa kwa siku hatakungoja kimya. Ofisi inayochelewa inawafundisha watu kumwaga zege bila kibali, kisha inawatoza faini kwa somo iliyowapa yenyewe.

Ukifika, usianze na kalamu. Zunguka kwanza. Hesabu nondo kwa kidole, pima unene wake, pima umbali wa ringi, tazama nondo zinapounganishwa zimelaliana kiasi gani. Kisha inama uangalie biskuti, vile vipande vidogo vinavyoinua nondo zisiguse mbao wala udongo. Wageni wengi huvidharau. Nondo isiyofunikwa vya kutosha hufikiwa na unyevu, hushika kutu, kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Kwa msingi unaomwagwa moja kwa moja juu ya udongo, viwango vingi hutaka zege la kufunika nondo liwe milimita 75 hivi. Nimekuta nondo zimelazwa chini kabisa, fundi akaniahidi kuzivuta juu wakati wa kumwaga. Usikubali. Zege likianza kushuka hakuna anayekumbuka kuvuta kitu.

Ijue pia sheria unayoisimamia, maana si kila kitabu cha viwango ni sheria. Marekani, kwa mfano, kanuni ya ujenzi ya kimataifa iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2000 hutolewa upya kila baada ya miaka 3, lakini haina nguvu popote mpaka jimbo au mji uipitishe, na mara nyingi huipitisha ikiwa na marekebisho yake. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu amekosea, jua ni toleo gani linatumika kwenye eneo lako, limerekebishwa wapi, na jengo hilo lilipewa kibali chini ya toleo gani. Jengo la zamani kwa kawaida huhukumiwa kwa kanuni za wakati wake, mpaka mwenyewe atakapolipanua au kubadilisha matumizi yake.

Hapo kwenye kubadilisha matumizi naomba ukae macho kuliko mahali pengine popote. Duka kubwa la Sampoong mjini Seoul liliporomoka Juni 1995 na kuua watu 502. Halikubuniwa kuwa duka. Mpango ulibadilishwa njiani, ghorofa ya tano ikaongezwa, nguzo zikapunguzwa unene, na juu ya paa ikawekwa mitambo mizito ya kupoza hewa. Mwaka 2013 huko Bangladesh, Rana Plaza ilianguka na kuua watu 1,134. Jengo lililokusudiwa maduka na ofisi lilikuwa limejaa viwanda vya nguo na jenereta zenye kutetemesha, na ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali halali. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Katika majengo yote mawili, ramani ya mwanzo na jengo lililosimama vilikuwa vitu viwili tofauti. Kwa hiyo nenda na ramani iliyogongwa muhuri, hesabu ghorofa kwa macho yako, uliza kila chumba kinatumika kwa nini.

Mabadiliko madogo nayo yasikupite. Hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, mwaka 1981: fimbo ndefu za chuma zilizopaswa kushikilia kwa pamoja njia mbili za kupita watu, zilizoning'inia moja juu ya nyingine ndani ya hoteli, ziligawanywa vipande viwili ili iwe rahisi kuzifunga. Kwa badiliko hilo, kiungo cha njia ya juu kilibeba mzigo mara mbili, njia zikaanguka na watu 114 wakafa. Fundi akikwambia "tumebadilisha kidogo tu," muulize karatasi ya mhandisi iko wapi. Kama haipo, kazi ya sehemu hiyo inasimama mpaka ipatikane.

Kuhusu kulazimisha sheria, andika. Onyo la mdomo halina shahidi. Notisi nzuri inasema umeona nini, wapi hasa, kifungu gani kimevunjwa, kosa lirekebishwe vipi na kabla ya tarehe gani, na mwenye jengo akate rufaa wapi kama hakubali. Niliwahi kuona shauri zuri likitupwa kwa sababu notisi ilisema "nondo hazifai" na basi. Ngazi ni hizohizo karibu kila mahali: notisi, amri ya kusimamisha ujenzi, kisha mahakama. Usiruke ngazi kwa hasira, wala usikwame kwenye ya kwanza kwa huruma. Pale uhai wa watu uko hatarini leo, simamisha leo. Na bahasha ikinyooshwa, irudishe mbele ya watu na uiandike kwenye ripoti siku ileile. Ukiificha hata usiku mmoja, imeshakuwa yako.

Ukaguzi wa mwisho, kabla ya cheti cha kuruhusu watu waingie, ndio unaofanywa kwa haraka zaidi kwa sababu kila mtu amechoka na jengo linapendeza. Kumbuka milango. Mwaka 1942 klabu ya Cocoanut Grove mjini Boston iliungua na watu 492 wakafa. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka ukakwama kwa msongamano, mingine ilikuwa imefungwa au ikifunguka kwa ndani. Mimi huomba umeme wote uzimwe, nikaanzia chumba cha mbali kuliko vyote na kutembea hadi nje, nikiangalia kama taa za dharura zimewaka na nikihesabu milango niliyosukuma na niliyovuta. Nikikuta hata mmoja wa kuvuta kwenye njia ya watu wengi, narudi ofisini na cheti changu mfukoni.