Maanko watatu wa Bolko: nani mjomba, nani baba mdogo?

Swali: Habari mwalimu. Natafsiri kutoka Kiingereza maisha ya Bolko wa Pili, mtawala wa Świdnica huko Poland, karne ya 14. Kuna maanko watatu humo: mfalme Kazimierz ni anko wa Bolko, Henryk wa Jawor naye ni anko wa Bolko, halafu Bolko mwenyewe ni anko wa Anna. Mi wote nimewaandika mjomba, mhariri kanirudishia kazi. Kosa liko wapi? Na Anna naweza kumwita mpwa?

Jibu: Mhariri wako yuko sahihi, pole. Mjomba ni mmoja tu kati ya hao watatu.

Anza na Kazimierz. Mama yake Bolko aliitwa Kunegunda, binti wa mfalme Władysław Łokietek, na Kazimierz ni mtoto wa huyohuyo Łokietek, kwa hiyo ni kaka wa mama, mjomba kabisa, hapo hukukosea (ingawa Kazimierz alizaliwa 1310 na walikuwa karibu rika moja, lakini ujomba hauangalii umri, wengi tuna wajomba tuliocheza nao mpira). Na Bolko kwake ni mpwa, mtoto wa dada, ndo maana yenyewe ya neno hilo.

Henryk wa Jawor sasa. Huyu ni mdogo wake Bernard, na Bernard ndiye baba yake Bolko. Kwa hiyo ni baba mdogo, au kama unaandikia watu wa pwani sema ami, wataelewa haraka zaidi. Na usidhani ni mambo madogo ya kamusi, maana Henryk alikufa 1346 bila mtoto na Jawor yote ikaenda kwa Bolko, sasa wewe ukiandika "alirithi nchi ya mjomba wake" msomaji wa kwanza ataelewa kwamba nchi imetoka ukoo wa mama, yaani kwa wafalme wa Kraków, na msomaji Mluguru au Mmakonde ataona sawa tu kwa sababu kimila kwao mali ilikuwa inatoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, kumbe kule Świdnica mambo yalikwenda kwa upande wa baba. Neno moja tu limebadilisha sheria ya urithi ya nchi nzima!

Anna ndo utamu wenyewe. Baba yake, Henryk mwingine (majina ya hawa watu yanachosha), alikuwa mdogo wake Bolko na alikufa mapema, kwa hiyo Bolko kwake ni baba mkubwa. Bolko na mkewe Agnes hawakuwa na mtoto aliyebaki, na watawala wengine wa Silesia, eneo ambalo Świdnica na Jawor zimo, karibu wote walishapiga magoti kwa mfalme wa Bohemia (Ucheki ya leo), yeye akagoma. Sasa mwaka 1353 Anna, msichana wa miaka 14, akaolewa mjini Buda na Karl wa Nne, mfalme huyohuyo wa Bohemia, kwa makubaliano kwamba Bolko na Agnes wakishaondoka duniani nchi iende kwa warithi wa Anna. Ikawa hivyohivyo: Anna alikufa 1362 akijifungua, Bolko akafuata 1368, mjane wake akakaa na nchi mpaka alipokufa 1392, ndo ikaingia mikononi mwa Václav, mtoto wa Anna. Sasa fikiria umeandika "mjomba wake akamwoza." Msomaji wa Unguja au Mombasa atauliza mara moja, kwani ukoo wa baba umekwisha? Mjomba hawi walii, yaani mwenye haki ya kumwoza binti! Baba akifa anaangaliwa babu, kaka, ami, hao wa upande wa baba. Ukiandika "baba yake mkubwa akamwoza" hakuna atakayeuliza kitu.

Kuhusu mpwa: asili yake ni mtoto wa dada kwa mwanamume. Najua siku hizi watu wanamwita mpwa hata mtoto wa kaka na sitamgombeza mtu mtaani, ila kwenye kazi yako hii, ambayo mpwa wa kweli yumo ndani na ni Bolko mwenyewe, mi ningeandika "binti wa mdogo wake" mara ya kwanza, baadaye "bintiye" inatosha, maana kwetu mtoto wa mdogo wako ni mwanao.

Kinachonichekesha ni kwamba Wapolandi wenyewe walikuwa na tofauti hii tangu zamani. Kaka wa mama ni wuj, kaka wa baba ni stryj, mtoto wa dada ni siostrzeniec, binti wa kaka ni bratanica. Ni kama Kiswahili! Iliyopotea imepotea njiani, kwenye Kiingereza ulichotafsiria. Na wao leo wengi mitaani wanasema wujek kwa wote, kama sisi na anko wetu.

Halafu nimeona umemwita Bolko "mwana wa mfalme". Toa. Neno la Kipolandi ni książę, linabeba vyote, mwana wa mfalme na mtawala wa nchi ndogo, ila Bernard hakuwa mfalme. Wengine wanaandika mtemi, si mbaya. Mi nabaki na mtawala.

Na lakabu yake, Mały, yaani mdogo, usiandike Bolko Mdogo, utajikuta na sentensi inayosema Bolko Mdogo ni baba mkubwa wa Anna. Andika Bolko Mfupi. Inaelekea ufupi ulikuwa wa ukoo, maana hata babu yake mzaa mama, yule Łokietek, jina lake linatokana na łokieć, kiwiko, ambacho pia ni kipimo cha zamani cha nguo. Yaani babu alikuwa anaitwa Kidhiraa.