Kadi ya Kisumu haitibu Bugando

SWALI: Nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Mzigo mwingine naupitisha Sirari kwenda Kisumu, mwingine Mutukula kwenda Kampala. Nina mke, watoto watatu, na mama mzazi wa miaka 67 mwenye kisukari na presha. Shemeji yangu wa Kisumu analipia bima shilingi 300 tu za Kenya kwa mwezi, na Rwanda nasikia ni faranga 3,000 kwa mwaka. Kwetu kila kifurushi naona ghali. Kuna kijana hapa sokoni anasema kwa laki mbili atamwingiza mama kwenye kadi ya mtumishi mwezi huu huu, kabla hajaanza kliniki hospitali ya Bugando. Je, nchi gani ina bima nzuri kuliko zote, na nikikata ya nje naweza kuitumia hapa Mwanza?
Msomaji, Ilemela

JIBU: La mwisho ndilo jepesi: huwezi. Bima ya taifa kwa kawaida huzilipa hospitali zilizosaini nayo mkataba, na mikataba hiyo kwa kawaida inaishia mpakani. Mfuko wa Kenya unaandikisha Wakenya na wageni wanaoishi kule kihalali. Wewe unayeshusha mzigo na kurudi kesho yake humo hesabuni, na hata ungekuwemo, dirisha la malipo la Bugando halina pa kupeleka madai yako.

Sasa hizo bei. Shilingi 300 ni kiwango cha chini kabisa, wala si bei ya wote. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Kenya ilipoiacha NHIF yake, mfuko wa zamani wa bima ya afya, na kuanza SHA, mamlaka ya afya ya jamii, mchango ni asilimia 2.75 ya kipato. Mwenye mshahara hukatwa juu kwa juu. Asiye na mshahara hufanyiwa tathmini ya kaya, hupangiwa kiasi, na hulipa cha mwaka mzima kwa mkupuo. Asilimia 2.75 inayotoa shilingi 300 ni ya mtu anayehesabiwa kuingiza kama shilingi 10,900 za Kenya kwa mwezi. Mfanyabiashara atakayeonekana kuingiza 60,000 atapangiwa 1,650 kwa mwezi, yaani 19,800 kwa mwaka. Ukikadiria shilingi moja ya Kenya kwa ishirini za kwetu, hiyo ni karibu laki nne. Shemeji yako analipa kidogo kwa sababu ameonekana ana kidogo. Wewe mwenye mizigo miwili ya dagaa barabarani usitarajie kuonekana hivyo.

Faranga 3,000 za Rwanda nazo ni kwa kila kichwa. Kaya yako ya watu sita ni 18,000, na baada ya hapo mgonjwa anachangia faranga 200 kituo cha afya na asilimia 10 ya bili akifika hospitali. Asilimia 10 ya bili ya malaria hutaisikia. Asilimia 10 ya bili ya kuvunjika nyonga utaisikia sana. Skimu yao ni nzuri, sibishi, lakini hizo faranga 3,000 hazijawahi kutosha peke yake: serikali na skimu nyingine za bima zinajazia pengo, na sheria inamlazimisha kila mkazi kuwa na bima.

Uganda nitaipita haraka. Ada kwenye vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, bima ya taifa hakuna, na muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukusainiwa. Kumwona daktari bila ada haina maana kwamba dawa ipo dirishani.

Ukitaka kulinganisha nchi, acha kuangalia kadi, angalia nani anabeba sehemu usiyoilipa wewe. Uingereza, tangu Julai 1948, anayebeba ni kodi. Hakuna kadi ya kununua, na mgeni anayeomba viza ya zaidi ya miezi sita anatozwa pauni 1,035 kwa mwaka ndipo aingie kwenye huduma hiyo. Ujerumani, iliyoanza mwaka 1883, hukata asilimia 14.6 ya mshahara, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri, na juu yake kuna nyongeza ya kila mfuko. Hapa kwetu mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 na mwajiri anaweka 3. Ndiyo maana kadi ya mwalimu inaonekana ya bei nafuu kwako: nusu ya bei hujawahi kuiona. Muuza dagaa hana mwajiri wa kumwongezea, kwa hiyo kifurushi chake kinakuja na bei nzima. Huo si wizi.

Lakini kilichonikera kwenye barua yako si hesabu za Kenya. Ni maneno "mwezi huu huu, kabla hajaanza kliniki". Swali hili linakuja kila wiki, sura tofauti tu: mke ana miezi saba nikate ipi, baba ameambiwa figo nikate ipi, mtoto anafanyiwa upasuaji Jumatatu nikate ipi. Watu wengi bado wanaamini bima ni huduma inayonunuliwa siku ya kuugua, na kwamba anayelipa miaka mitatu bila kuugua "ameliwa". Bima si upatu, kwamba ipo zamu yako ya kupokea. Pesa yako ya mwaka huu imeshamtibu mtu mwingine.

Tuseme kaya 100 zimelipa shilingi 30,000 kila moja, kiwango kilichowekwa kwa CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, ilipoanza mwaka 2018. Makusanyo ni milioni tatu. Upasuaji mmoja wa shilingi milioni moja na nusu ukiingia, nusu ya mfuko imekwenda na kaya 99 bado zina mwaka mzima wa malaria, homa ya matumbo na vichomi. Sasa kati ya kaya hizo 100, ishirini ziwe zimejiunga kwa sababu tayari zina mgonjwa ndani. Mfuko haufiki Machi. Mwenye kisukari na presha akifikia figo kushindwa, husafishwa damu kwa kawaida mara tatu kwa wiki: mizunguko 156 kwa mwaka, ya mtu mmoja. Hakuna shilingi 30,000 ngapi zitakazoibeba hiyo kama wazima wanasubiri nje waje wakiugua.

Toto Afya Kadi, kadi ya bima ya watoto hapa kwetu, ilikwama hapo hapo. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka mtoto alipata matibabu ya hali ya juu, na wazazi wengi walikimbilia kadi mtoto akiwa tayari mgonjwa, huku watoto wazima wakibaki nyumbani. Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, watoto wakaelekezwa kuandikishwa kupitia shule ili wagonjwa na wazima waingie pamoja. Wakalalamika hata wale waliokuwa wakisema bima ya nini, mtoto haumwi.

Na usidhani nje ni tofauti. Kila nchi ina namna ya kumzuia anayekuja na ugonjwa mkononi. Rwanda, Kenya na Ujerumani zinalazimisha wote kisheria, kwa hiyo hakuna wa kusubiri nje, au hatakiwi kuwepo. Ghana inamsubirisha mwanachama mpya kabla kadi haijaanza kufanya kazi. Marekani, ambayo wengi wananiambia "kule mgonjwa hakataliwi", ni kweli tangu mwaka 2014 kampuni za bima hazimkatai mtu kwa ugonjwa alionao, ila wamefunga mlango kwa upande mwingine: dirisha la kujiandikisha hufunguliwa Novemba 1 na kufungwa baada ya wiki chache. Ukiugua Aprili nawe hukujiandikisha, subiri mwakani, isipokuwa kama umepoteza kazi, umeoa au umezaa. Tena hata mwenye kadi kule mara nyingi hulipa kwanza kiasi fulani cha bili kutoka mfukoni, wakati mwingine maelfu ya dola, ndipo bima ianze kuchangia.

Kwetu kizuizi ni muda wa kusubiri, na ndiyo sehemu ya masharti isiyosomwa na mtu. Vifurushi vya hiari, hasa vya kampuni binafsi, mara nyingi vinaanza na magonjwa ya kawaida, halafu uzazi, upasuaji usio wa dharura na magonjwa sugu vinafuata baada ya miezi kadhaa. Uliza mambo manne kabla hujatoa hata mia: kila huduma inaanza tarehe gani, kisukari na presha vinahesabiwaje kama mgonjwa alikuwa navyo kabla, kikomo cha kulazwa ni kiasi gani kwa mwaka, na kadi inafika ngazi ipi ya rufaa.

Ngazi ndiyo inayowaumiza sana watu wa hapa. Rufaa inapanda kutoka zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa ambayo kwetu ni Sekou Toure, kisha ya kanda ambayo ni Bugando. Ile CHF iliyoboreshwa ya 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita ilipangwa kuishia ngazi ya mkoa. Mtu anashuka na kivuko kutoka Ukerewe akiwa na kadi halali, iliyolipiwa, anapanda kilima cha Bugando na kuambiwa alipe taslimu, halafu anarudi kuwaambia jirani zake bima ni utapeli. Kadi haikumdanganya, hakuambiwa inaishia wapi. Na hata kadi inayofika juu, hakikisha hospitali unayoitaka bado inaipokea. Machi 1, 2024, NHIF ya kwetu, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake kwa kutokubaliana na bei.

Sasa huyo kijana wa laki mbili. Anachokuuzia ni mama yako kuandikwa kuwa mama wa mtu mwingine. Hao vishoka wapo stendi, wapo Mwaloni, wapo nje ya hospitali, na maneno yao ni yale yale: nina mtu wangu ndani. Kuna njia mbili mambo yanavyoharibika. Ya kwanza ni ya pesa: uhakiki wa siku hizi unaangalia picha na alama za vidole, madai yakigundulika yanakataliwa, hospitali inakudai wewe bili nzima, na mtumishi mwenye kadi anafungiwa yeye na wanawe. Ni kosa la jinai pia, kwenu wote.

Ya pili ni ya mwili, na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Anayetibiwa kwa jina la mwingine anafungua faili la mwingine. Kundi la damu lililoandikwa si lake, mzio wa penisilini ulioandikwa au usioandikwa si wake, dozi ya insulini ya mwezi uliopita si yake. Daktari wa zamu saa nane za usiku anasoma faili, kwa sababu mgonjwa hawezi kuzungumza. Mgonjwa wa kisukari aliyezimia akiwa na faili la mtu mwingine yuko hatarini kuliko yule asiye na kadi kabisa.

Ipo njia halali ya jambo hilo hilo. Kama una ndugu wa tumbo moja ambaye ni mtumishi wa umma, yeye anaruhusiwa kuandikisha mwenza na wategemezi hadi wanne, na wazazi wake wamo katika wanaoruhusiwa. Nafasi ikiwepo, mama anaingia kwa jina lake mwenyewe. Kitakachotakiwa ni cheti cha kuzaliwa cha huyo mtumishi kinachoonyesha jina la mama, picha na kitambulisho cha mama. Angalia tahajia mapema: cheti kikisema Nyamizi na kitambulisho cha NIDA kikisema Mwamizi, faili litakaa mezani hadi mrekebishe kimojawapo. Huko kurekebisha huchukua muda mrefu kuliko kujiandikisha kwenyewe.

Kama ndugu wa namna hiyo hayupo, nenda ofisi ya NHIF ya mkoa uulize kifurushi cha kaya chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, kwa watu wote sita kwa pamoja. Usimwandikishe mama peke yake ukawaacha watoto kwa kuwa hawaumwi. Nimeshasema hapo juu tabia hiyo inafanya nini. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya msamaha katika vituo vya serikali, akitambuliwa kupitia mtendaji wa mtaa na ustawi wa jamii, ila mama anayetunzwa na mfanyabiashara wa mpakani ni vigumu kuitwa asiye na uwezo, na nafasi hiyo yupo anayeihitaji kweli. Kwa mwezi huu, wakati makaratasi yakienda, usisubiri kadi ndipo aanze kliniki. Mwanzishe Sekou Toure au hospitali ya wilaya, kwa taslimu. Metformini, dawa ya kisukari, na dawa za presha za kawaida ni katika dawa za bei ya chini, na vipimo vya mwanzo vya sukari, mkojo na figo ndivyo vitakavyoonyesha kama kweli anahitaji Bugando au la.

Kuhusu safari zako, kwa Kisumu na Kampala kata bima ya safari inayohesabu siku za kila mzunguko, na usome kikomo cha kulazwa na kama inalipa kukurudisha nyumbani. Nyingi haziligusi gonjwa sugu ulilo nalo. Katiba ya Kenya inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura, lakini kutokunyimwa si kutodaiwa. Bili inakuja ukishaamka.

Malipo yoyote ya NHIF yafanye kwa namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12, ile wanayoiita kontrol namba, na kabla hujabonyeza kukubali simu itakuonyesha jina la anayelipwa. Jina likiwa la mtu binafsi, au ukiambiwa "tuma kwenye hii namba ya wakala nitakuwekea", usikubali, toka.