Mbwa wa dada yako atapanda meli, wako atabaki: maelezo ya aliyesafiri na mbwa wa huduma

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema dada yako haoni na anaongozwa na mbwa aliyefunzwa. Wewe una mbwa mdogo anayekutuliza wasiwasi ukikubana, na daktari amekuandikia barua. Mnataka kupanda meli ya kitalii kwa siku saba, nyinyi wawili na mbwa wenu wawili. Jibu langu ni kwamba dada yako na mbwa wake watapanda, mradi wajiandae mapema. Mbwa wako atabaki. Najua linauma, ndiyo maana nimeamua kukueleza kwa urefu.

Mimi nina kisukari cha aina ya kwanza tangu utotoni, na huu ni mwaka wa sita natembea na Doa, labrador mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Kazi yake ni kunitahadharisha sukari inapoanza kushuka. Safari za meli tumefanya tatu. Usiku wa pili wa safari ya kwanza, saa tisa, nilishtuka kuna uzito kifuani. Ilikuwa miguu yake ya mbele. Akanisukuma shavu kwa pua, nikamfukuza. Akarudi, akanilamba kiganja, nikageukia ukutani. Akang'ata ncha ya shuka na kuivuta mpaka ikaanguka chini. Nilipopima sukari nikakuta 2.9, yaani imeshuka mno, na mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba mrija wa juisi ulinishinda kuuchomeka mara mbili. Huyo ndiye mbwa wa huduma: kuna jambo mahususi amefunzwa kulifanya, na analifanya hata kama mwenyewe umemfukuza.

Tofauti ya mbwa wenu wawili iko hapo hapo. Meli nyingi za kitalii huanzia bandari za Marekani, na sheria ya huko kuhusu watu wenye ulemavu, ADA ya 1990, ndiyo inayotazamwa. Kulikuwa na hoja kwamba meli hizi zimesajiliwa Bahamas au Panama, kwa hiyo sheria ya Marekani haizihusu. Juni 2005 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, iliamua kwamba meli yenye bendera ya kigeni ikiwa ndani ya maji ya Marekani nayo inabanwa, ukiacha baadhi ya mambo ya uendeshaji wake wa ndani. Kisha kanuni zilizoanza kutumika Machi 2011 zikaeleza wazi kuwa mbwa wa huduma ni yule aliyefunzwa kazi inayohusiana na ulemavu wa anayemtumia. Mbwa anayefariji kwa kuwepo kwake tu hayumo. Barua ya daktari inathibitisha hali yako wewe. Haimpi mbwa mafunzo. Kampuni kubwa kama Royal Caribbean na Carnival zimeandika wazi kwamba mbwa wa faraja hazimpokei. Hata upande wa ndege mlango ulifungwa: tangu Januari 2021 mashirika hayalazimiki tena kumhesabu mbwa wa faraja kama mbwa wa huduma.

Usielewe kwamba maradhi ya akili hayahesabiki. Yanahesabika kabisa. Mbwa aliyefunzwa kutambua dalili za mshtuko wa hofu na kufanya kitu, mfano kumlalia mtu kifuani kwa uzito wake au kumtoa kwenye umati, huyo ni wa huduma sawasawa na anayeongoza asiyeona. Kama wako anakaa mapajani ukatulia, ni baraka, lakini hajafikia hapo. Anaweza kufunzwa. Ni kazi ya miezi mingi, na si kila mbwa ana tabia ya kuiweza.

Sasa naomba hili ulisikie kwa uzito wake. Kuna watu watakushauri ununue kikoti na kitambulisho mtandaoni, umpandishe kimyakimya. Usifanye. ADA haitambui usajili wowote wa aina hiyo, na mimi nimeonja matunda yake. Safari ya pili, kwenye korido nyembamba ya sitaha ya saba, kijibwa chenye kikoti chekundu kilimrukia Doa usoni. Hakumjeruhi. Lakini Doa siku nzima iliyofuata alitembea akigeuza kichwa nyuma, akisikia mlango tu anasimama. Jioni yake sukari yangu ilishuka nikiwa mezani na hakusema kitu. Mke wangu ndiye aliyeona ninavyoshika uma. Ilituchukua karibu wiki tatu baada ya kurudi kumrudisha sawa. Mwenye kijibwa aliniomba radhi, akakiri hajafunzwa kitu, akasema anampenda tu. Sikutilia shaka mapenzi yake. Ila mbwa wangu ndiye kipimo changu cha sukari cha usiku, na kwa dada yako mbwa ndiye macho.

Tuje kwa dada yako, maana huko ndiko kwenye kazi. Mbwa wa kuongoza na meli wanafahamiana siku nyingi. Morris Frank, Mmarekani asiyeona, alikwenda Uswisi mwaka 1928 na kurudi kwa meli hadi New York akiwa na mbwa wake Buddy. Mwaka uliofuata ikaanzishwa The Seeing Eye, shule ya kwanza ya mbwa wa aina hiyo Marekani. Kwa hiyo asijione anaomba upendeleo.

Jambo litakalomsumbua kuliko yote ni haja ya mbwa. Wengi hawalifikirii. Melini hakuna udongo wala majani. Wanakuwekea sanduku, mara nyingi la mita moja na kidogo kila upande, lina vibanzi vya maganda ya miti, wakati mwingine nyasi bandia au vitambaa vya kunyonya maji. Linakaa sitaha ya nje, pengine kwenye eneo la mabaharia, na mbwa wote wa huduma mliomo mnaweza kulitumia hilo hilo. Mbwa aliyefunzwa vizuri amefundishwa maisha yake yote kwamba ndani hakojolewi, na kwake yeye meli yote ni ndani! Doa safari ya kwanza alikaa saa 19 bila kujisaidia. Nilimpeleka mara sita. Anapanda, ananusa mbao, ananitazama, anashuka, anakaa chini kwa heshima zote kama anayesubiri nimwambie tunakwenda wapi kweli. Upepo unapiga, mimi nimeshika mfuko mkononi, nalia. Kilichotuokoa ni mhudumu mmoja aliyenishauri nichukue taulo ya karatasi yenye harufu ya mkojo wa mbwa mwingine aliyekuwemo, niiweke kati ya sanduku. Dakika mbili hazikuisha.

Kwa hiyo dada yako aanze nyumbani wiki sita hadi nane kabla. Aiulize kampuni sanduku lao ni la nini hasa, atengeneze la kufanana nalo, alaze ndani vitu vile vile. Ampeleke akiwa kwenye kamba, saa zile zile, kwa neno moja tu. Sisi letu ni "maliza". Akishazoea, alihamishe sanduku: leo kwenye sakafu ya saruji, kesho mahali penye kelele, keshokutwa usiku. Mbwa asijifunze pembe ile ya uani. Ajifunze sanduku na neno. Na kwa kuwa haoni, aombe mapema aonyeshwe njia ya kutoka chumbani hadi pale siku ya kwanza kabla meli haijajaa, aitembee na mbwa mara tatu nne. Kuzoa kinyesi ni kazi ya mwenye mbwa. Kubadilisha vibanzi ni ya meli, na akiona wamezembea adai.

La pili ni karatasi, na hapa watu huchanganya mambo mawili. Chini ya ADA wafanyakazi wanaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kazi gani. Cheti cha mafunzo hawawezi kukidai. Lakini nchi mnazotia nanga zina sheria zao za mifugo, na afisa wa bandari hajali ADA. Baadhi ya kampuni za Uingereza na Ulaya nazo hutaka mbwa awe ametoka taasisi iliyo ndani ya International Guide Dog Federation au Assistance Dogs International, miungano ya kimataifa ya wanaofunza mbwa hawa.

Kwa nchi za Ulaya, msingi ni chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha siku 21 zipite. Utaratibu ni huo: chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki. Ikiwa safari inaishia Uingereza kuna dawa ya minyoo ya tegu, ambayo daktari wa mifugo lazima aitoe na kuiandika kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Kwa safari ndefu dirisha hilo huangukia mkiwa baharini, hivyo daktari wa bandari ya katikati atafutwe kabla hamjaondoka. Kuingia au kurudi Marekani, tangu 1 Agosti 2024 kila mbwa, wa huduma naye yumo, awe ametimiza miezi sita, awe na chipu, na awe amejaziwa fomu ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Na mkipitia nchi ambayo CDC inaihesabu kuwa na hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, mfano Jamhuri ya Dominika, nyaraka zinaongezeka. Asome orodha hiyo kabla ya kuchagua safari, maana inabadilika.

Visiwa visivyo na kichaa cha mbwa ndivyo vikali zaidi, na vinastahili kuwa hivyo. Bandari moja Doa alikataliwa kushuka kwa sababu cheti chake kilikosa mhuri wa daktari wa mifugo wa serikali. Kilikuwa na wa daktari wetu wa kawaida tu. Kumbuka meli hairuhusu mbwa aachwe peke yake chumbani. Kwa hiyo mbwa akizuiwa, kuna mtu amezuiwa pamoja naye. Mke wangu alishuka, mimi nikabaki nikiitazama nchi kutoka kwenye reli ya sitaha. Nyie mpange kabisa nani atabaki bandari ipi. Na nakala za karatasi awe nazo mkononi, zisiingie kwenye sanduku la nguo, ambalo hufika chumbani jioni.

Mengine ni madogo. Chakula cha siku zote na cha siku tatu za ziada. Bwawani haingii. Sitaha ikipigwa na jua, aweke kiganja sakafuni kwanza. Kikiungua, na nyayo zitaungua. Jaketi la kuokoa maisha la mbwa anunue mwenyewe. Mbwa nao hutapika kwa mawimbi, dawa aulize daktari wa mifugo, asimpe ya binadamu.

Na wewe ukishindwa kabisa kumwacha wako, iko meli moja ya kuvuka Atlantiki, Queen Mary 2 ya Cunard, kati ya Southampton na New York, yenye vibanda 24 vya wanyama wa kawaida. Wamewawekea hata mahali pa kukojolea wanapopazoea: nguzo ya taa kwa mbwa wa Kiingereza na bomba la zimamoto kwa wa Kimarekani. Lakini mnyama halali chumbani kwako. Unamtembelea kwa saa zilizopangwa, na nafasi hujaa mapema mno. Kama wasiwasi wako hukubana usiku, hilo halitakusaidia, na ningekushauri uongee na daktari wako kuhusu usiku wa melini kabla ya kulipa chochote.

Nitajie bandari mlizopangiwa na mwezi wa safari. Na dada yako akishajibiwa sanduku lao ni la vibanzi au nyasi bandia, aniandikie, nimweleze tulivyolijenga letu.