Nilifuta faili lile mara tatu

Mara ya kwanza niliona kazi imekwisha. Antivirasi ilionyesha faili geni ndani ya seva niliyokuwa naitunza, nikalifuta. Baada ya siku mbili likawa limerudi palepale. Nikafuta, likarudi. Nilipolifuta mara ya tatu ndipo nikaanza kumtafuta anayelileta.

Nilimkuta sehemu mbili. Kwenye orodha ya kazi zinazojiendesha kwa ratiba palikuwa na mstari ambao sikuuandika mimi, unaolipakua faili upya. Na kati ya funguo za SSH, yaani njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, palikuwa na ufunguo usio wa mtu yeyote wa timu yetu. Antivirasi haikuulalamikia, maana si kirusi; ni ruhusa halali iliyo mikononi mwa mwizi. Hata ningebadilisha nywila, angeendelea kuingia.

Tangu hapo, nikikabidhiwa mashine naandika kwanza hali yake ingali safi: huduma zinazoanza nayo, akaunti, funguo, kazi za ratiba, na inawasiliana na nani nje. Kila wiki nalinganisha. Inachosha, lakini sijaona njia nyingine ya kumjua mgeni asiyebisha hodi. Kwa mfano, programu hasidi iitwayo BPFDoor hukaa kwenye mashine za Linux bila kufungua poti mpya, yaani mlango wa mtandao. Husikiliza kimya mpaka ipite pakiti (kifurushi cha data) yenye alama yake, ndipo iamke. Anayekagua poti zilizo wazi tu hataiona.

Dalili ndogo nayo usiidharau. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwa SSH kunachelewa takriban nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, umefichwa ndani ya XZ Utils, programu ya kubana data, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Nusu sekunde tu!

Zuia pia mawasiliano yanayotoka: seva ya hifadhidata haina haja ya kuzungumza na intaneti nzima. Kumbukumbu za matukio zitume kwenye mashine nyingine, kwa kuwa mvamizi akishapata mamlaka ya juu hufuta nyayo zake.

Ukimkuta, usijaribu kusafisha. Tenga mashine na mtandao, ijenge upya, badilisha nywila na funguo zote ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Nakala rudufu ndizo zilizonitesa zaidi. Nilirejesha ya juzi yake, na ufunguo ule ulikuwa humohumo. Ikabidi nirudi hadi nakala iliyotangulia siku ulipoongezwa, nichukue data peke yake, na programu zote nizisakinishe upya.