Dawa za presha hulegeza mishipa: je, huiharibu?

Swali: Daktari, mimi ni mama wa miaka 54, naishi Umoja. Nimekuwa na presha miaka mitano. Asubuhi nameza amlodipini ya miligramu 10 na tembe nyingine yenye losartani na dawa ya kukojoza pamoja. Siku hizi nikipimwa napata 126 kwa 78. Mwenzangu kwenye chama anasema dawa hizi hulegeza mishipa mpaka inakuwa dhaifu, na ukishazizoea huwezi kuishi bila hizo. Jioni miguu yangu huvimba, nikaona huenda anasema kweli. Je, zinatibu mishipa au zinashusha namba tu? Naweza kuzipumzisha kidogo? Kaka yangu anatumia atenololi na havimbi. Nihamie hiyo?

Jibu: Mama, nashukuru umeuliza kabla ya kuacha. Mimi ni mfamasia, na wengi ninaowahudumia huuliza wakiwa wameshaacha kitambo. Baadhi yao huletwa na watoto wao, upande mmoja wa mwili umeshapooza.

Tuanze na mshipa wenyewe. Upande wa ndani, pale damu inapopita, kuna utando wa seli ambao unene wake ni seli moja tu. Utando huo hutoa gesi inayoitwa oksidi ya nitriki, na gesi hiyo ndiyo inayoufanya msuli wa mshipa utulie ili mshipa ufunguke. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi yake katika moyo na mishipa. Nyuma ya utando kuna msuli, na nyuma ya msuli kuna nyuzi zinazoushikilia mshipa.

Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Kila pigo likija na nguvu iliyozidi, utando huumia, gesi ile hupungua, na msuli hukaza. Miaka ikienda, ukuta wa mishipa midogo hunenepa kuelekea ndani na tundu lake hupungua. Hapo hesabu inatisha: tundu likibaki nusu ya upana wake wa awali, ugumu wa damu kupita huongezeka mara 16. Moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na presha huendelea kuzaa presha. Haya yote hutokea bila maumivu, kwenye figo, machoni na kwenye ubongo.

Mishipa mikubwa huharibika kwa njia tofauti. Ina nyuzi za elastini zinazoiwezesha kutanuka na kurudi, na mwili wa mtu mzima hautengenezi elastini mpya ya maana. Nyuzi hizo zikikatika, nafasi yake hujazwa na kolajeni, ambayo ni ngumu, na mshipa unakuwa kama mpira ulioachwa juani miaka mingi: ukiuvuta hauvutiki. Ndiyo maana kwa wazee wengi namba ya juu hupanda huku ya chini ikishuka.

Sasa tuje kwa neno la mwenzako. Amlodipini kweli hulegeza. Msuli wa mshipa hauwezi kukaza bila kalisiamu kuingia ndani ya seli zake, na amlodipini huipunguza kalisiamu hiyo mlangoni. Kinacholegea basi ni mkazo wa msuli. Ukuta wenyewe haupungui nguvu wala hauwi mwembamba kwa sababu hiyo. Mshipa unaochakaa ni ule unaopigwa na 170 usiku na mchana, na huo ndio uliokuwa nao kabla ya dawa ikiwa presha yako ilikuwa ya kiwango hicho.

Uvimbe wa miguu nao una maelezo. Amlodipini hufungua mishipa midogo inayopeleka damu, lakini ile inayorudisha damu moyoni haiifungui kwa kiasi hicho. Damu huingia kwa wingi kuliko inavyotoka, shinikizo hupanda kwenye vijishipa vya katikati, na maji huchuja kuingia kwenye nyama. Ukisimama kutwa nzima sokoni au ukakaa ndani ya matatu kwenye msongamano, maji hayo hushukia vifundoni. Kuongeza dawa ya kukojoza hakusaidii sana, kwa kuwa mwili haujajaza maji kupita kiasi. Yamekaa tu mahali pasipofaa. Uvimbe huu hutokea zaidi kwa miligramu 10 kuliko kwa 5. Losartani hupunguza uvimbe kwa kuwa hufungua pia mishipa inayorudisha damu, kwa hiyo inawezekana ungekuwa umevimba zaidi bila hiyo. Mwambie daktari wako; kupunguza kipimo au kubadilisha dawa moja ni jambo la kawaida. Lakini ukivimba mguu mmoja tu ukiwa na maumivu, ukiamka uso umevimba, au ukikosa pumzi ukilala chali, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hayo hayafanani na uvimbe wa amlodipini.

Swali lako kubwa, kama dawa zinatibu mishipa, limewasumbua watafiti kwa miaka mingi. Losartani huzuia kazi ya homoni inayoitwa angiotensini ya pili. Homoni hiyo hukaza mishipa, na zaidi ya hapo huuchochea msuli unenepe na kolajeni irundikane. Mwaka 2000, kundi la Ernesto Schiffrin kule Montreal lilichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wachache waliokubali kukatwa kipande kidogo kutoka makalioni, ili mishipa yao midogo ipimwe kabla na baada ya mwaka mmoja wa dawa. Waliotumia losartani, kuta za mishipa zilirudi karibu na hali ya kawaida na utando wa ndani ukafanya kazi vizuri zaidi. Waliotumia atenololi, dawa ile ya kaka yako, presha ilishuka vilevile lakini mishipa ilibaki jinsi ilivyokuwa. Mwaka 2002 ukafuata utafiti mkubwa ulioitwa LIFE, wenye wagonjwa 9,193. Kwa kundi la losartani, kiharusi kilipungua kwa robo ukilinganisha na kundi la atenololi, ingawa presha za makundi hayo hazikutofautiana sana.

Mtu akisoma hayo anaweza kusema: basi losartani peke yake inatosha. Hapa naomba utulie, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi hasa. Ndani ya utafiti huo huo kulikuwa na wagonjwa weusi 533, karibu wote Wamarekani, na kwao faida ile haikuonekana. Kwa watu wengi wenye asili ya Afrika, losartani na ndugu zake enalaprili na perindoprili, zikitumiwa peke yake, hushusha presha kidogo kuliko amlodipini au dawa ya kukojoza. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019 na kufanywa kwa wagonjwa 728 katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulilinganisha dawa mbili mbili. Michanganyiko yenye amlodipini ilishusha presha vizuri kuliko ule usio nayo.

Msimamo wangu ni huu. Mshipa hulindwa kwanza kwa kupunguziwa mapigo mazito. Uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kwamba kila namba ya juu inaposhuka kwa 5, matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa karibu asilimia 10, na faida hiyo ilipatikana hata kwa watu ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo. Kazi ya ziada ya losartani juu ya ukuta ni nyongeza nzuri, hasa ukiwa na kisukari au protini kwenye mkojo, lakini haichukui nafasi ya namba kushuka. Mchanganyiko wako ulipangwa kwa akili: amlodipini na dawa ya kukojoza zinashusha, losartani inaupa ukuta nafuu. Tena dawa ya kukojoza hupunguza potasiamu na kupandisha asidi ya yuriki inayoleta gauti, ugonjwa wa maumivu ya viungo, huku losartani ikivuta yote mawili upande wa pili.

Kwa hiyo mishipa midogo hupona kwa sehemu, polepole, presha ikikaa chini kwa miezi na miaka. Elastini iliyokatika kwenye mishipa mikubwa hairudi. Hapo tunazuia uharibifu usiendelee. Mafuta yaliyoganda kwenye kuta hushughulikiwa na statini, dawa za kushusha kolesteroli. Kama hujawahi kupimwa kolesteroli, omba upimwe.

Kupumzisha dawa, hapana. Hiyo 126 kwa 78 ni kazi ya tembe za asubuhi. Amlodipini hukaa mwilini siku kadhaa, ndiyo maana mtu akiacha hujiona mzima wiki ya kwanza na kuamini amepona. Presha inaporudi, si kwamba dawa imekufanya mtegemezi. Ni ugonjwa ule ule uliokuwa umezuiwa. Ukipunguza uzito na ukafikisha chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, mchuzi, supu na mutura zikihesabiwa, daktari anaweza kupunguza kipimo hatua kwa hatua. Na kama kinachokusukuma kupumzika ni bei, sema wazi kwenye kemisti. Dawa zote tatu zina aina za bei nafuu, na kuzipata hizo kila siku ni bora kuliko kumeza za bei ghali siku moja ukaruka mbili.

Jambo moja hukuliuliza lakini linaniumiza roho kila wiki: diklofenaki na ibuprofeni za magoti na mgongo, zinazonunuliwa bila kuandikiwa. Hupandisha presha, na zikikutana na losartani na dawa ya kukojoza zinaweza kuangusha figo, hasa ukiwa umeharisha au hujanywa maji. Anza na parasetamoli, na umwambie anayekuuzia dawa unatumia nini. Binti zako nao wajue kwamba losartani na enalaprili hazitumiwi katika ujauzito. Mjamzito mwenye presha ana dawa zake.

Kuhusu kaka yako: kutovimba kwake hakumaanishi mishipa yake iko salama kuliko yako. Atenololi hupunguza kasi na nguvu ya moyo, na kwa presha pekee, bila tatizo lingine la moyo, siku hizi si chaguo la kwanza. Huenda aliandikiwa kwa sababu ya moyo usiyoijua wewe. Amuulize daktari wake, na asiiache ghafla, kwa maana moyo unaweza kuruka kasi na kifua kikabana. Wewe usihamie. Kliniki ijayo, omba upimwe kreatinini inayoonyesha hali ya figo, potasiamu na protini ya mkojo, na uonane na mtu wa macho, kwa sababu nyuma ya jicho ndipo mishipa midogo inapoonekana wazi bila kukatwa kisu.