Jino linauma na pesa haitoshi: tuliza maumivu kwanza, hesabu baadaye

Mtu aliyekesha na jino hapigi hesabu vizuri. Kukipambazuka anataka maumivu yaishe, basi. Na kwa kuwa kung'oa ndiyo huduma ya bei ya chini kwenye kliniki nyingi, anakaa kwenye kiti na kusema, "Dokta, toa tu." Naomba usiseme hivyo kabla hujajua kwamba kutuliza maumivu kuna gharama yake na kulitibu jino kuna gharama yake, na mara nyingi si lazima zilipwe siku moja.

Hilo nililijua kupitia gego langu la chini la kushoto. Lilikuwa limezibwa miaka mingi nyuma, kizibo kikaachia, na baada ya muda likaanza kupwita usiku hata nisipokula chochote. Kliniki niliyoenda, hapa Dar es Salaam, dokta hakuanza na koleo. Aliligonga kidogo kwa mpini wa kile kioo chao, kwanza jino la jirani, kisha hilo lenyewe, nikashika mkono wa kiti. Akagusisha pamba yenye baridi kali. Jino la jirani lilishtuka na kutulia papo hapo. Hili lilishika maumivu, pamba ikaondolewa, maumivu yakabaki yanapanda mpaka sikioni.

"Dada, kiini cha jino, ile nyama laini yenye mishipa iliyo ndani yake, kimeshavimba, hakiwezi kurudi kama kilivyokuwa," akaniambia, akinionyesha picha ya eksirei kwenye kompyuta. "Lakini mizizi ni mizima na mfupa wake uko vizuri. Leo naweza kulifungua, nitoe kilichovimba, niweke dawa na kizibo cha muda. Utalala. Halafu ukajipange."

Picha ilikuwa shilingi 15,000 na kulifungua jino 60,000. Usiku huo nililala. Ndipo nikapata nafasi ya kukaa na karatasi na kupiga hesabu nikiwa na akili zangu, na kupita kliniki nyingine kuulizia bei bila kushika shavu.

Kwa hiyo ukifika kliniki huna fedha za matibabu yote, uliza hivi: "Dokta, leo unaweza kunitoa maumivu bila kuling'oa jino, na itanigharimu kiasi gani?" Wengi hatujui kama swali hilo lipo. Ila kizibo cha muda kinakununulia wiki chache tu. Ukikiacha kikae miezi, kinalika, mate na chakula vinapenya, na jino linaanza tena likiwa bovu kuliko lilivyokuwa.

Sasa bei zenyewe. Hizi ni zile nilizotajiwa mimi hapa mjini. Kwako zinaweza kupanda au kushuka, lakini mpangilio wake, ipi ndogo na ipi kubwa, hautatofautiana sana. Kung'oa gego: 20,000 hospitali ya serikali, 50,000 kliniki binafsi. Kutibu mizizi ya gego hilohilo, yaani kutoa kiini, kusafisha njia zilizo ndani ya mizizi na kuziziba: 250,000 kliniki binafsi, na karibu nusu ya hapo hospitali ya rufaa ya serikali. Juu yake kuna kofia ya kulifunika jino, 350,000 ile ya chuma iliyofunikwa kauri, na 600,000 ile ngumu isiyo na chuma ndani. Ukilinganisha 50,000 ya kung'oa na 600,000 ya kutibu mizizi na kuvalisha ile kofia ya chuma iliyofunikwa kauri, kung'oa kunaonekana kumeshinda bila ubishi.

Lakini hesabu ya kung'oa haiishii hapo, isipokuwa kama umeamua kuishi na pengo. Jino la kuvaa na kuvua, la plastiki, nilitajiwa 80,000. Hiyo ni nafuu, na kwa wengi inatosha, ingawa lazima ulizoee mdomoni na kulisafisha kila siku. Daraja la kudumu linahitaji kofia tatu, moja ya pengo na mbili za meno jirani, kwa hiyo linapita milioni moja, tena meno hayo mawili yanasagwa hata kama hayana ugonjwa wowote. Kipandikizi, yaani ile skrubu inayowekwa ndani ya mfupa kisha jino likafungwa juu yake, nilitajiwa milioni mbili na nusu. Anayeng'oa kwa 50,000 akijiambia ataweka jino la kudumu baadaye, ajue hiyo baadaye ina bei kubwa kuliko jino aliloliacha kliniki.

Dada yangu mkubwa aling'oa gego la chini akaacha pengo wazi. Jino la nyuma likaanza kuinamia pengo, na la juu, kwa kuwa halina tena wa kukutana naye, likashuka taratibu. Nyama zikawa zinanasa pale pembeni kila mlo, mpaka lile lililoinama nalo likaoza. Alipotaka kuweka daraja, aliambiwa nafasi haitoshi tena, kwanza itabidi la juu lipunguzwe. Meno hayahami kwa kasi ileile kwa kila mtu, na wapo wenye pengo la nyuma wanaotafuna vizuri mpaka uzeeni. Madaktari wenyewe wanakubali kwamba mtu mwenye meno yote ya mbele na magego madogo yanayokutana vizuri anaweza kula na kuishi bila tabu. Pengo moja si msiba. Ila uwe umelichagua.

Ni jino gani linauma? Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Jino la mbele kwa kawaida lina mzizi mmoja wenye njia moja ya kusafisha, kwa hiyo kulitibu ni kazi fupi na bei yake ni ndogo, na mara nyingi linazibwa tu bila kofia. Kuling'oa jino la mbele kwa sababu ya bei ni hesabu mbaya karibu siku zote, maana pengo la pale halifichiki na utaligharamia tu. Gego kubwa la kwanza, lile la sita ukihesabu kutoka katikati ya mdomo, ndilo linalobeba kazi kubwa ya kutafuna. Lina njia tatu au nne, ndiyo maana ni ghali, na ndilo ningelipigania. Gego la mwisho kabisa, lile linaloota ukubwani, lisikutoe jasho: kama limeoza au linavimbisha fizi mara kwa mara, na dokta anasema ling'oke, ling'oke. Vivyo hivyo jino lililovunjika mpaka chini ya fizi, lililopasuka wima kwenye mzizi, au linalocheza kwa sababu mfupa umeisha. Kumwaga laki kadhaa kwenye jino la namna hiyo ni kuzipoteza.

Pia uangalie linavyouma. Likishtuka kwa maji baridi au kitu kitamu kisha likatulia baada ya sekunde chache, huenda kiini bado ni kizima na kuziba kutatosha. Mimi kuziba nilitajiwa 50,000. Hapo ndipo fedha yako inafanya kazi kubwa kuliko wakati mwingine wowote, na hapo ndipo wengi tunasema halijazidi. Likianza kuuma lenyewe, likakuamsha usingizini, au maumivu ya baridi yakakaa dakika nzima, kuziba peke yake hakutaliokoa tena, na bei imeshaongezeka mara tano.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi popote: duka la dawa. Namjua jirani aliyekuwa akinunua amoksilini na Flagyl kila jino lilipomuanza, dozi baada ya dozi, na hazikumponya. Sababu ni rahisi. Kiini kikishakufa, damu haipiti tena ndani ya jino, na dawa uliyoimeza husafirishwa na damu, kwa hiyo haifiki pale palipooza. Ina kazi yake pale ambapo uambukizo umesambaa nje ya jino, na daktari ndiye wa kuamua. Dawa za maumivu zinasaidia kuvuka siku mbili tatu. Kwa mtu mzima, parasetamoli ya miligramu 500 isizidi vidonge nane kwa saa 24, na diklofenaki si ya mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo, wala mjamzito. Mafuta ya karafuu yanatia ganzi kweli, mama zetu hawakukosea, lakini ganzi ikiisha tundu liko palepale. Usiweke aspirini kwenye fizi, inaiunguza.

Na iko hali moja ambayo bei haiulizwi kabisa. Shavu au chini ya taya kukivimba, homa ikapanda, mdomo ukawa haufunguki vizuri au kumeza kukawa shida, nenda hospitali usiku huohuo. Uambukizo wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Watu wanakufa kwa hilo.

Tuseme umeamua kulitunza jino. Fedha utazipata wapi? Mimi niliomba kulipa kwa awamu, na nilishangaa jinsi ilivyokuwa jambo la kawaida kwao, kwa sababu kutibu mizizi ya gego mara nyingi kunachukua zaidi ya siku moja. Nililipa kila nilipoenda, na kofia nikaiwekea akiba kwenye kikoba kwa miezi mitatu. Usichukue mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kwa ajili ya jino. Kama huwezi kupata fedha ndani ya wiki hizo chache kwa njia isiyokuumiza, ng'oa kwa amani, weka jino la kuvaa na kuvua, na maisha yaendelee.

Mwenye bima aulize kabla ya kukaa kwenye kiti. Yangu ya kazini ilikubali kung'oa, kuziba na kutibu mizizi, tena mizizi kwa kibali kilichochukua siku kadhaa, lakini kofia ikaikataa. Ndiyo maana hata kliniki uiombe bei ya safari nzima: picha ni ngapi, kuja mara ngapi, kizibo cha mwisho kimo ndani ya hiyo bei au kiko nje, kofia ni ya aina gani, na ikiwa matibabu yatashindwa utalipa tena kiasi gani. Kliniki moja ilinitajia bei ya chini sana ya kutibu mizizi, kumbe walihesabu kwa kila mzizi.

Ukitaka unafuu mkubwa zaidi, tazama hospitali za serikali zenye daktari wa meno, na zile zinazofundisha. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinafundisha madaktari wa meno, na Nairobi iko hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwanafunzi anakutibu chini ya macho ya mwalimu wake. Utakaa muda mrefu zaidi kwenye kiti, lakini kazi yake inakaguliwa hatua kwa hatua. Ninachokuomba uangalie popote uendapo ni kama wanapiga picha kabla na baada, na kama wanalitenga jino kwa ile karatasi ya mpira wakati wa kusafisha mizizi. Mpira huo unazuia mate yasirudi ndani ya jino, na unazuia ile dawa ya kusafishia yenye harufu ya jiki isikumwagikie kooni.

Gego lililotibiwa mizizi linavunjika kirahisi, kwa sababu sehemu kubwa ya ndani imeshaondolewa. Bila kofia unaweza kulipasua kwa mfupa wa kuku au kashata, na likipasuka wima ndiyo basi, yote uliyolipa yamekwenda. Kama kofia haijapatikana, mwombe dokta alizibe kwa namna inayofunika ncha zote za juu, utafunie upande wa pili, na usipitishe miezi mingi.

Na kama una mtoto nyumbani, kuna jambo la bei ndogo ukilinganisha na mengi niliyoyataja. Gego kubwa la kwanza la kudumu huota akiwa na miaka kama sita, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kwanza. Wazazi wengi wanalidhania la utoto na kuliacha lioze, wakitegemea litaota jingine. Halioti jingine. Mkienda kliniki, mwambie dokta alikague hilo hasa, na umuulize bei ya kuziba vile vibonde vya juu yake kabla havijatoboka.